Breki za Upepo

Mjomba alikuja Dar Aprili 2021 kutolewa mtoto wa jicho. Siku ya pili baada ya upasuaji alikuwa ameketi kwenye kochi langu, jicho la kushoto limefunikwa bandeji, kikombe cha chai ya rangi mkononi, akiitazama ndege yangu ya kwenye kompyuta ikijichomeka pua kwenye nyasi za Normandy, Ufaransa, kwa mara ya tano asubuhi hiyo.

“Mjomba,” akaniita. Sisi tunaitana hivyo hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. “Hii ndege kazi yake kulima?”

Nilikuwa sina hamu ya utani. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye simuleta ya ndege za vita, na katika wiki nzima hiyo sikuwa nimeruka hata mita moja. Kupigana sikuwa nimefika. Nilikuwa nashindwa kuitoa ndege ilipoegeshwa na kuifikisha kwenye njia ya kurukia, safari ambayo mtu kwa miguu angeimaliza kabla sigara haijaisha.

Kosa la kwanza lilikuwa mazoea. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa miezi na P-51 Mustang ya Marekani, ambayo ardhini ni mstaarabu. Ukiuvuta mpini nyuma, gurudumu la mkiani linajifunga na kuufuata usukani wa miguu, nyuzi sita kushoto na sita kulia, na kila mguu una breki yake. Spitfire haina adabu hizo. Gurudumu lake la nyuma linazunguka linavyotaka, kama la toroli la supamaketi. Kichwani mwa mpini kuna pete ya mviringo, na kwenye pete kuna wenzo mmoja wa breki, mfano wa breki ya baiskeli. Ukiubana, upepo uliogandamizwa unakwenda magurudumu yote mawili sawasawa. Ukitaka kukata kushoto, unabana huku umesukuma pedali ya kushoto, upande wa kulia unaachiwa na ndege inageukia gurudumu lililoshikwa. Juu ya hayo kuna ile pua. Injini yake, iitwayo Merlin, ni ndefu mno hivi kwamba ndege ikiwa chini rubani haoni mbele kabisa. Lazima uende kama nyoka, unachungulia kushoto, unachungulia kulia.

Kosa la pili nililinunua kwa pesa yangu. Jostiki niliyokuwa nayo, ule mpini wa mezani wa kuendeshea, haikuwa na wenzo wa kubana taratibu, ilikuwa na vitufe tu, na breki ya kitufe kwenye Spitfire ni sawa na kupigwa ngwala. Kwa hiyo nikanunua pedali za mtumba kwa kijana mmoja aliyekuwa akileta vifaa vya kompyuta kutoka Dubai. Nikaiunganisha breki ya Spitfire na ncha ya pedali ya kushoto, nikawasha injini, nikaongeza resi kidogo. Ndege ikaondoka vizuri kabisa. Nikagusa breki kuijaribu, nikaachia, ikasimama papo hapo, mkia ukapanda, panga zikachimba ardhi.

Mara nyingine ilikuwa inaondoka na kwenda mita mia bila shida, mara nyingine inagoma pale pale. Hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu kitu kinachoharibika kila mara ni rahisi kukitafuta. Nilianza na vigingi vya kuzuia magurudumu: nikafungua menyu ya mafundi wa chini, nikaagiza waviondoe, vilikuwa vimeshaondolewa. Nikatafuta kifungo cha kufunga gurudumu la nyuma, nikatafuta siku nzima, hadi nikasoma kwamba Spitfire hiyo haina kitu kama hicho. Nikagundua kwamba programu imeipa kazi ya usukani wa miguu vyote viwili, pedali mpya na ule mzunguko wa jostiki ya zamani, vinavutana. Nikaondoa kimoja. Hapo nilishangilia, nikaweka resi, nikala nyasi. Mwisho nikafuta programu yote na kuipakua upya kwa kifurushi cha usiku, nimekaa macho hadi saa kumi alfajiri nikiangalia asilimia zinavyopanda. Kwa jambo hilo bado najionea aibu.

Mjomba alikuwa dereva wa lori, Dar hadi Tunduma na kuvuka Zambia, miaka ishirini na sita. Kompyuta kwake ilikuwa kitu cha watoto. Lakini alikuwa haruhusiwi kuinama, haruhusiwi kutoka nje kwenye jua, na redio yangu ilikuwa mbovu, basi akawa anatazama. Aliniuliza ndege ina uzito gani. Nikamwambia kama tani tatu na nusu ikiwa imejaa.

“Kama Canter.”

“Injini yake farasi zaidi ya elfu moja na mia tano.”

Akageuza shingo yote ili anione kwa jicho lake la kulia. “Kwenye Canter?”

Nikamwambia na magurudumu yenyewe yamekaribiana, nafasi kati yao haifiki hata mita mbili. Akaguna. Ili asinione mjinga peke yangu, nikamsimulia kwamba hata enzi zenyewe ndege hizo zilikuwa zinapindukia puani, na upepo ukiwa mkali mafundi walikuwa wanakaa juu ya mkia kuushikilia wakati ndege inatembea ardhini. Februari 1945, kwenye uwanja wa Hibaldstow huko Uingereza, fundi mwanamke aitwaye Margaret Horton alikuwa amekaa hivyo, rubani akasahau au hakujua, akapaa naye. Alizunguka na kutua, na mama wa watu akashuka mzima.

Mjomba alicheka hadi akashika bandeji. “Huyo ndiye utingo,” akasema. “Utingo wa kweli. Wa kwangu tulikuwa tunamwacha Mikumi anakojoa, tunagundua Iringa.”

Niliwasha injini tena. Safari hii aliniambia nizime feni, kwa sababu anataka kusikia.

Nikagusa pedali. Spika zikatoa sauti, psss. Nikaachia. Kimya, na ndege ikasimama kwa kishindo.

“Rudia.”

Psss. Kimya.

“Hizo breki za upepo?”

“Ndiyo, kuna kompresa inaendeshwa na injini, inajaza tangi.”

“Basi zimefungwa kinyume.” Alisema hivyo bila kuinua sauti, kama mtu anayekwambia mvua imeanza. “Kwenye gari ukikanyaga, upepo unaingia kwenye breki. Ukiachia ndiyo unatoka, ndiyo unasikia psss. Yako inalia ukikanyaga. Maana yake ukikanyaga unafungua.”

Nikamwambia haiwezekani, nimeshapitia mipangilio yote. Akauliza geji ya upepo iko wapi. Ipo, upande wa kushoto wa dashibodi, kigeji kidogo chenye mishale mitatu, wa tangi na wa kila gurudumu. Kwa wiki nzima sikuwahi kukitazama. Nilikuwa natazama joto la maji, kwa sababu Merlin ikikaa ardhini muda mrefu inachemka, na natazama nyasi zinavyonijia. Nikakuza picha mpaka kigeji kikajaa nusu ya skrini, na mjomba akasogeza kiti, akakaa upande wa jicho lake zima.

“Toa miguu yote. Iweke chini, kwenye sakafu.”

Nikaitoa. Mishale miwili ya magurudumu ilikuwa juu, imetulia, breki zimebanwa hadi mwisho na hakuna anayezigusa. Nikakanyaga taratibu, mishale ikashuka taratibu. Nilipoiangalia pete ya mpini, wenzo wenyewe ulikuwa unafunguka kadiri ninavyokanyaga, umechorwa vizuri kabisa, mbele ya macho yangu siku zote hizo.

Kilichobaki kilikuwa cha dakika moja. Zile pedali zinatoa namba kubwa zikiwa huru na namba ndogo zikikanyagwa, na programu inataka kinyume chake. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kugeuza. Nikakitia alama. Na ile tabia ya kuondoka vizuri mara nyingine? Programu ilikuwa haisomi pedali mpaka ziguswe mara ya kwanza. Nisipozigusa, inadhani hakuna kitu. Nikizigusa tu, inagundua kwamba nimebana breki zote, kumbe nimeachia. Kila nilipoogopa na kukanyaga, ilikimbia. Kila nilipotulia, ilinipindua.

Nilitaka kuondoka hapo hapo. Mjomba akanizuia kwa mkono, bado anatazama geji.

“Huo wa kushoto haujalala.”

Kweli, mishale ilikuwa imeshuka lakini mmoja ulibaki juu ya sifuri kwa unene wa ukucha. Kama mtu hujaambiwa huwezi kuuona, na mimi nina macho mawili. Akasema gari likiwa hivyo kiatu kinagusa ngoma, dereva hasikii kitu, anasikia lori zito tu, anadhani ni mzigo, na akifika mlima Kitonga ngoma zimeshapata moto tangu Iringa. Kisha akanieleza Kitonga, jambo ambalo nimelisikia tangu utoto na ambalo hachoki kulieleza: unaushuka kwa gia, breki unaiwekea akiba, na anayeshuka kwa breki utamkuta chini kwenye kona amelala na mzigo wake.

Tulifungua pedali kwa bisibisi ya jikoni. Ndani vumbi lilikuwa limeganda kama unga wa muhogo, na juu ya kile kidude kinachopima mzunguko kulikuwa na mguu mmoja wa mende. Nikapangusa kwa kitambaa na spiriti. Mshale ukashuka, si wote. Basi nikaiambia programu isihesabu ile sehemu ya mwanzo ya kukanyaga, na mishale yote miwili ikalala.

Nikasogea mezani kuweka mikono kwenye jostiki, mjomba akawa ameshavua ndala.

“Nipishe.”

Nilimwonyesha resi, nikamwambia mpini avute tumboni asiuachie. Mengine hakuuliza. Aliiachia Spitfire itambae yenyewe, akaibana breki kidogo, akasikiliza, akaachia, psss, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaanza kwenda kama nyoka, kushoto, kulia, pole pole kuliko nilivyowahi kwenda mimi, anachungulia kando ya pua kwa jicho moja. Alipita mahema, akapita gari la mafuta, akafika mwanzo wa njia ya kurukia, akaiweka katikati kabisa.

“Sasa sukuma resi yote,” nikamwambia. “Itavuta kushoto, uishike kwa mguu wa kulia.”

Hakusukuma. Alikanyaga pedali ya kushoto, akabana, ndege ikazunguka juu ya gurudumu moja hadi ikaangalia ilikotoka. Akairudisha njia ile ile, akaipenyeza kati ya Spitfire mbili zilizoegeshwa, akasimama. Aliniomba nimwonyeshe pa kuzimia injini. Panga ziliposimama aliinamia skrini, ingawa daktari alimkataza kuinama, akasoma geji ya tangi.

“Upepo umebaki,” akasema, akatafuta ndala zake kwa mguu.