Pumzi za Saa Tisa Usiku

Kaka yangu, aliyestaafu jeshini baada ya kutumikia Somalia, huamka saa tisa usiku hapa kwetu Lanet, Nakuru, kwenda kukagua komeo la lango. Nilimwekea kwenye simu PTSD Coach, programu ya bure ya kuwasaidia wenye PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya matukio ya kutisha, iliyotolewa mwaka 2011 na idara inayohudumia wanajeshi wastaafu wa Marekani, yenye maswali ya kupima dalili na mazoezi ya kupumua. Maswali aliyaruka. Kasoro ya programu, kwa maoni yangu, ni lugha yake ya Kiingereza, kwani aliyeshtuka usingizini hatafuti kamusi. Kliniki bado anahudhuria. Lakini sasa huketi barazani, simu pajani, akihesabu pumzi, na hata mbwa wa jirani akibweka, haendi langoni kabla hajamaliza.