Wahusika wakali wa muvi za sayansi ya kubuni ni wale wanaoogopa

Ukiuliza nani mhusika mkali kuliko wote kwenye muvi za sayansi ya kubuni, wengi wanakimbilia kwa Darth Vader au Terminator, na siwalaumu, yale mapumzi ya Vader peke yake (Ben Burtt aliyarekodi kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi) yanatosha kukukalisha sawa kwenye kiti. Ila mimi mhusika ananiganda kichwani pale anapoogopa. Kama haogopi kitu chochote nitaenjoi muvi vizuri tu halafu kesho nishamsahau.

Chukua HAL 9000 wa 2001: A Space Odyssey, ya Stanley Kubrick, 1968. Ni kompyuta inayoendesha chombo cha anga, hana hata mwili, ni jicho jekundu na sauti ya Douglas Rain basi. Ameshaua wanaanga wanne na hajapandisha sauti hata mara moja, halafu Dave Bowman, mwanaanga pekee aliyebaki, anaingia kwenye ubongo wake anaanza kuchomoa vipande kimoja kimoja, unasikia pumzi za Dave ndani ya helmeti na HAL anamwambia anaogopa, anahisi akili inamtoka, sauti inazidi kuwa nzito na kuburuza mpaka anaishia kuimba Daisy Bell, wimbo ambao kompyuta ya kweli kabisa, IBM 704, iliimbishwa kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1961. Yaani muuaji huyo, na bado unamwonea huruma! Binadamu ndo kakaa kimya, mashine ndo inayobembeleza.

Roy Batty wa Blade Runner (1982) naye ni hivyohivyo. Ni binadamu bandia, katengenezwa aishi miaka 4 tu na anajua muda umeisha. Deckard, askari aliyetumwa kumuua, ananing'inia juu ya jengo vidole vinateleza, na Batty kabla hajamvuta anamuuliza anaonaje kuishi kwa hofu, maana utumwa ndo ulivyo. Halafu anamwokoa! Yale maneno yake ya mwisho kwenye mvua, Rutger Hauer aliyemwigiza aliyapunguza mwenyewe na kuongeza ya kwake, na ndo yanayokumbukwa mpaka leo.

Lakini namba moja wangu ni Ellen Ripley, ofisa wa chombo cha anga kwenye Alien, na hapo sibishani na mtu. Sisi tumezoea steringi hafi, sasa kwenye Alien ya 1979 jina la kwanza ni la Tom Skerritt, ndo kapteni, unajua huyu ndo steringi, na anapotelea kwenye mabomba ya hewa katikati ya muvi. Sigourney Weaver, anayemwigiza Ripley, wakati huo hata hakuwa maarufu. Cheki ile sini ya mlangoni, kapteni yuko nje na mwenzao ana dude la sayari ngeni limemganda usoni, anaamuru mlango ufunguliwe, Ripley anakataa, karantini ni saa 24. Anaonekana hana roho. Ash, mwanasayansi wao, anafungua, na kila kifo kinachofuata kimeingilia pale. Angesikilizwa yeye muvi ingeishia hapo!

Na mwisho kule kwenye kile chombo kidogo cha kutorokea, anagundua dude limejibanza humohumo, anaanza kuvaa suti ya anga polepole asilishtue, jasho linamtoka, anajiimbia kwa sauti ya kunong'ona huku anajifunga mkanda kwenye kiti. Hapo anatetemeka kabisa na mkono bado unafanya kazi. Mimi sijaona uigizaji wa hofu unaofikia ule, wala kwenye muvi za kutisha zenyewe.

Kwenye Aliens ya 1986 James Cameron hakumgeuza komando, alimrudisha akiwa anaamka usiku na majinamizi na bado anakubali kurudi kulekule kwenye madude, halafu anashuka peke yake kumfuata Newt, mtoto waliyemkuta huko. Weaver akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kitu ambacho muvi za namna hii zilikuwa hazipewi kirahisi. Hakuipata. Kwangu mimi alistahili, na alistahili hata ile ya 1979 ambayo hawakumteua kabisa.