Sifuri Iliyokuwa Chini ya Moyo

Usiku huo nilipokea zamu katika wodi ya wagonjwa mahututi nikakabidhiwa mzee mmoja mwenye maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu, na kwa saa mbili za mwanzo niliamini kwamba anapata nafuu. Mrija mwembamba uliokuwa ndani ya ateri ya mkono wake ulionyesha kwenye skrini wastani wa shinikizo la damu wa milimita 72 za zebaki, ilhali tuliagizwa usishuke chini ya 65. Mrija wa pili, uliopita kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, ulionyesha 17, kana kwamba mwili una maji ya kutosha. Kwa sababu ya tarakimu hizo, dawa ya kupandisha presha ilikuwa imepunguzwa na maji ya mshipani yamesimamishwa.

Mwili wake ulisema mengine. Miguu ilikuwa ya baridi hadi magotini, ukucha nilioubonyeza ulichelewa kurudisha rangi, na mfuko wa mkojo uliongezeka mililita 15 tu kwa saa nzima. Nilimpima kwa kitambaa cha presha kinachofungwa mkononi, nikapata wastani wa 58, nami nikadhani nimekifunga vibaya. Ili kujiridhisha nilifungua koki ya njia tatu iliyo kwenye kihisi, kifaa kinachogeuza shinikizo la mrija kuwa tarakimu za skrini, ili ipate hewa ya chumba, nikabonyeza kitufe cha sifuri, nikaifunga. Tarakimu zilirudi zilezile, nami, kwa bahati mbaya, nikalichukulia hilo kuwa ushahidi.

Muuguzi kiongozi wa zamu alipokuja hakuitazama skrini. Alipapasa kifua cha mzee, akahesabu hadi nafasi ya nne baina ya mbavu, akaifuata mpaka katikati ya unene wa kifua, chini ya kwapa, akatia alama ya kalamu. Kisha akalaza pimamaji ndefu, kama ile ya waashi, kutoka kwenye alama hadi kwenye koki, na povu la hewa likakimbilia upande wa mgonjwa.

“Mdogo wangu, kitanda hiki kilipandishwa lini?”

“Jioni, dada, walipokuwa wakimwogesha.”

Stendi ya vihisi ilibaki palepale, sentimita 20 chini ya moyo. Kitufe cha sifuri hukifahamisha kihisi shinikizo la hewa tu. Mahali ulipo moyo hakijui, na ni sisi tunaopaswa kukionyesha kwa kukiweka usawa wake. Mrija uliojaa maji ulikuwa ukikikandamiza kihisi kwa uzito wake, na kila sentimita 10 za kimo huongeza takriban milimita 7.4 za zebaki. Kosa lilikuwa 15 kwa mirija yote miwili, lakini halikuwa na uzito sawa: kwenye ateri lilifunika hatari, na kwenye mshipa wa shingoni, ambako kipimo chenyewe ni kidogo, lilikigeuza kabisa kisa cha mgonjwa: aliyepungukiwa maji alionekana ameshiba.

Tulipandisha stendi. Skrini ikaonyesha 57 na 2. Daktari aliitwa, maji yakafunguliwa, dawa ikaongezwa, nami nikakaa nikihesabu matone ya mkojo mpaka karibu na alfajiri, yalipoanza kuja mfululizo.

Asubuhi, kabla ya kumwogesha, niliona alama ya kalamu imefifia. Niliikoza upya, ndipo nikagusa kitanda.