Nilivyowapa wanafunzi chaki wasomeshe wao

Mie nasomesha fizikia sekondari huku Wete, Pemba, na mada ya kuelea na kuzama ilikuwa inanipa tabu kila mwaka. Watoto wanaikariri kanuni ya Archimedes, ile ya kwamba maji yanakisukuma kitu juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza, kwa Kiingereza neno kwa neno, lakini muulize kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea, anakutizama tu. Nkaamua wasomeshe wao.

Kwetu si jambo geni hili, chuoni, kule kwenye kusoma Kurani, wengi wetu tumepita kwa khalifa, yaani mwanafunzi alotangulia ndo anaewasomesha wadogo huku maalim anasikiliza. Na Ujerumani kuna Jean-Pol Martin, alikuwa akisomesha Kifaransa, tangu miaka ya 1980 anaipigania njia hii. Nilichokichukua kwake ni kwamba mwanafunzi hasimami kusoma alichoandika basi, lazima ahakikishe wenziwe wamefahamu.

Nawagawa watatu watatu, kila kundi kipande kidogo cha mada, na msimu wa karafuu mmoja asipokuja wenziwe wanaendelea. Kabla ya siku yao wananisomesha mie kwanza, baada ya skuli, na kwa maoni yangu faida kubwa iko hapo hapo, maana mtu akitaka kumfahamisha mwengine anapaona mwenyewe pale anapokwama, mie namuuliza "kwa nini" tu anarudi kwenye kitabu bila ya kutumwa. Siku ya kipindi nakaa dawati la nyuma, siingilii mpaka kitu kiende kombo kabisa.

Sasa kuna kijana mmoja, babake mvuvi, darasani humsikii sauti. Kakamata bonge la udongo wa mfinyanzi kalitia ndooni, likazama. Kalitoa, kaufinyanga udongo ule ule ukawa kama bakuli, ukaelea. Akawauliza wenziwe uzito umepungua? Haujapungua, ila sasa unasukuma maji mengi zaidi. Akawaambia chombo ukikipakia magunia kinashuka mpaka maji kiliyoyasogeza yawe na uzito sawa na chombo pamoja na mzigo wake, hapo kinasimama. Mwenziwe akauliza, kwani ngalawa haieleshwi na matengo, ile miti yake ya pembeni? Akamjibu we, matengo ni ya kuizuia isipinduke, mzigo unabebwa na mtumbwi wenyewe. Kitabuni hamna hayo!

Msichana mmoja akauliza je kwenye maji baridi? Wakanigeukia mie, nkawarudishia wao, nkawapa namba tu: lita ya maji baridi ni kama kilo 1, ya bahari kama kilo 1.025. Wakabishana weee, mpaka wakafika wenyewe kwamba kwenye maji baridi chombo kitazama zaidi kidogo.

Na lugha pia. Wanafahamishana kwa Kiswahili, kisha lazima waandike ubaoni maneno ya Kiingereza, kwa sababu mtihani wa fizikia unakuja kwa Kiingereza, na neno alilomfahamisha mwenziwe halimtoki.

Muda unakwenda kweli, kwa hiyo mada zote siwapi. Umeme naanza mwenyewe, wao nawaachia maswali. Na usiwape wale wepesi tu kila siku, yule anaepata alama za chini ndo anafaidika zaidi, mpe kipande kifupi na umsikilize mara mbili kabla hajasimama.