Mbele ya Sanamu ya Hazen Pingree

Jumamosi iliyopita nilisimama kwa muda mrefu katika bustani ya Grand Circus Park, Detroit, mbele ya sanamu ya shaba ya Hazen Pingree, fundi viatu aliyeanza kazi ya umeya wa jiji hilo mwaka 1890. Alikuwa amepigana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, akatekwa na kufungwa katika kambi ya Andersonville, kisha akatajirika kwa kiwanda cha viatu, hata wafanyabiashara waliomsihi agombee wakaamini kwamba wamempata mtu wao. Haikuwa hivyo. Aligombana na kampuni za tramu kuhusu nauli, na mwaka 1895 jiji likapata mtambo wake lenyewe wa umeme wa taa za barabarani.

Lakini kilichonigusa zaidi ni viazi. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1893, watu wengi walipokuwa wamepoteza ajira, Pingree aliwaomba wenye viwanja vilivyokaa bure wawaruhusu maskini kuvilima, na kwa ajili ya kuchangia mradi huo akampiga mnada farasi wake mwenyewe. Wengi walimdhihaki, ilhali familia zilivuna viazi, maharage na mboga nyingine, na miji mingine ikaiga mpango huo. Mimi niliyesomeshwa kwa jembe la mama yangu, nililengwalengwa na machozi pale bustanini, nikamwombea mzee yule, aliyefariki London mwaka 1901, apumzike kwa amani.