Siku Tuliyogonga Boila ya Elburgon

Mjomba wangu alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli ya Nakuru. Aliingia kazini akiwa kijana katika miaka ya 1950, enzi za Reli za Afrika Mashariki, akatoka wakati mvuke ulikuwa umekwisha kuzimwa na dizeli imeshika njia yote, kisha akahamia mtaa wa Bondeni, hapo hapo Nakuru. Masikio yake yalikuwa yameharibika kwa kelele za nyundo, kama yalivyoharibika ya mafundi wengi wa boila wa zamani, kwa hiyo sisi wa nyumbani tulizoea kuzungumza naye tukimtazama usoni na kumpa nafasi ya kuisoma midomo yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walimjia vijana watatu kutoka Nairobi, wavulana wawili na binti mmoja, ambao walikuwa wamejitolea kusaidia kufufua injini ya mvuke ili ivute mabehewa ya wapenda reli siku za mapumziko. Nilikuwepo, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya kuchomelea vyuma mjini Nakuru na nilikuwa nikipita kumwamkia Mjomba karibu kila jioni. Baada ya shikamoo na chai, mmoja wao alitoa bahasha ya picha. Zilikuwa picha nzuri kweli: injini iliyopigwa rangi upya, nambari zake zikisomeka kwa mbali, magurudumu yakiwa yamesuguliwa na kupakwa mafuta. Mjomba alizipitia zote bila kusema neno, akazirudisha mezani, akauliza, "Rangi nimeiona. Ndani kukoje?"

Hapakuwa na picha ya ndani. Binti alieleza kwamba waliingia tanurini na tochi wakaona mabamba hayajatoboka, na kwamba waliambiwa na wazee wengine kuwa injini hiyo ilisimamishwa ikiwa nzima. Mjomba akamwuliza kama walizigonga stei. Walitazamana.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia katika tanuri la garimoshi, inafaa nieleze kidogo, kwa sababu bila jambo hili siku ninayoisimulia haitakuwa na maana. Tanuri la injini ya mvuke ni sanduku la chuma lililowekwa ndani ya sanduku jingine, na katikati ya hayo mawili huzunguka maji. Mvuke unaobanwa humo hutaka kulisukuma sanduku la ndani libonyee na la nje lifutuke, na kinachozuia ni mamia ya vipande vifupi vya chuma cha mviringo, vinavyoitwa stei, ambavyo hulifunga bamba la ndani kwenye bamba la nje. Katika injini inayofanya kazi kwa shinikizo la ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, na stei zikiwa zimepangwa inchi 4 kutoka moja hadi nyingine, kila stei hubeba mzigo wa karibu tani moja na nusu. Ikivunjika moja, mzigo wake huwaangukia jirani zake, na hao wakichoka nao, tanuri hupasuka. Kutoka nje hakuna kinachoonekana. Injini inaweza kung'aa kama bibi harusi huku stei zake zimekatika safu nzima.

Mjomba aliwaambia kwamba hawezi kuwafundisha jambo hilo kwa maneno kibarazani, na kwamba kwa umri wake hatasafiri hadi Nairobi kuingia tanurini. Akanigeukia akaniuliza kama ile injini ya kiwanda cha mbao cha Elburgon, ambayo tuliwahi kuiona tulipokwenda msibani, bado ipo. Nilijua ipo, lakini nilikuwa nimesikia pia kwamba imeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Elburgon na Molo ilikuwa nchi ya mbao. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 na kupanda kupitia Mau hadi kushuka Kisumu mwezi wa Desemba 1901, ilipita katikati ya misitu minene, na kwa miaka mingi injini zenyewe zilichoma kuni za misitu hiyo kabla ya kugeuzwa kutumia mafuta mazito. Viwanda vya kupasulia mbao vilizaliwa kando ya reli, na vingine viliendeshwa kwa injini ndogo za mvuke ambazo boila yake imeundwa kama ya garimoshi: tanuri nyuma, mirija katikati, dohani mbele. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwaka 1999, viwanda vingi vya eneo hilo vilinyamaza, na vyuma vilivyobaki vikaanza kuuzwa kwa kilo. Kwa mtazamo wangu, kile kilichopotea katika miaka hiyo ya kuuza vyuma kwa kilo kilikuwa kikubwa kuliko tulivyofahamu.

Tuliondoka asubuhi yake kwa matatu kupitia Njoro, Mjomba akiwa mbele karibu na dereva, nyundo yake ikiwa imefungwa kwenye gazeti mapajani. Elburgon kulikuwa na baridi na matope. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kufika na mitungi yake ya gesi na alikuwa amekata bomba la moshi na gurudumu moja kubwa la ukanda, lakini tanuri lilikuwa bado zima. Nilizungumza naye, na kwa kuwa alimheshimu mzee, alikubali kutupa muda hadi alasiri, akaendelea na vyuma vingine upande wa pili wa ua.

Mjomba alitaka kazi ifanywe kwa utaratibu wa karakana. Kwanza tulifungua milango yote na kuacha hewa ipite, kisha tukapekua kwa fimbo ndefu kuhakikisha hakuna nyoka wala nyuki, ndipo tukaondoa chuma za wavu wa moto zilizokuwa zimebaki na kukwangua masizi na kutu kwenye kuta za ndani kwa brashi ya waya hadi vichwa vya stei vikaonekana vyote, safu kwa safu. Binti ndiye aliyekuwa mwembamba wa kutosha kuingia kwa chini na kukaa humo. Mjomba alimpa nyundo kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa nyundo ndogo yenye mpini mrefu mwembamba wa mti, uliolainika na kuwa mweusi mahali vidole vinapokaa.

"Usiikamate," alimwambia. "Ishike kwa vidole, iache irudi yenyewe."

Kisha alizunguka nje, akaegemeza kiganja kwenye bamba, akaniamuru nimwambie binti aanze kutoka chini. Ndani tulisikia mlio mkali, safi, unaodumu kidogo, kisha mwingine, kisha mwingine. Mjomba hakuwa akisikia chochote cha hayo. Alikuwa akihamisha kiganja chake kufuata mapigo, na kila stei nzima ilipogongwa alitikisa kichwa kidogo. Walipanda safu kwa safu. Walipofika juu, karibu na kona ya kushoto, alinyanyua mkono mwingine. "Mwambie arudie hiyo."

Binti alirudia, akasema kwamba yeye hakusikia tofauti kubwa, labda mlio ulikuwa mfupi kidogo. Nilipeleka jibu nje kwa midomo na mikono. Mjomba aliinama karibu na mlango wa tanuri akamwambia polepole, "Mwanangu, acha masikio kwanza. Gonga jirani yake wa chini, halafu yeye. Mkono unakwambia nini?" Aligonga. Akagonga tena. Kisha tukamsikia akisema kutoka ndani, kwa sauti iliyobadilika, kwamba kwa jirani nyundo inaruka, lakini kwa huyu inazama.

Wale wavulana waliingia mmoja baada ya mwingine, kwa kujikunja, na kila mmoja aliambiwa afumbe macho na kugonga bila kuambiwa ipi ni ipi. Stei zilizotiliwa shaka ziliwekewa alama ya chaki. Mjomba hakuridhika na chaki, alitaka waone. Niliazima moto wa gesi wa yule mnunuzi wa vyuma, nikakata mabamba yote mawili kuizunguka stei ile ya kona, nikakitoa kipande cha bamba la nje ukubwa wa kisahani. Stei ilikuwa imekatika hasa, si ndani kwenye moto kama nilivyotazamia, bali upande wa nje, unene wa kidole kutoka kwenye bamba. Uso wa mkato ulikuwa na sehemu mbili: sehemu kubwa nyeusi iliyolainika, na ukingo mwembamba wenye chembechembe, mahali ilipokatika mwisho. Mjomba alipitisha ukucha juu yake akasema kwamba sehemu nyeusi ni miaka, na ule ukingo ni siku moja.

Sababu yake alituelezea tulipokuwa tukila mkate na maharagwe juu ya gogo. Bamba la ndani linaloguswa na moto hupata joto kali kuliko la nje, kwa hiyo hutanuka zaidi na kupanda juu, na stei zinazoyaunganisha hulazimika kupinda. Moto ukizimwa bamba hurudi, na stei hupinda upande wa pili. Zile za chini hupinda kidogo. Za safu za juu na za pembeni hupinda zaidi, na mahali pa kupindia huwa karibu na bamba la nje lisilosogea. Ndiyo maana injini nyingi za garimoshi hutobolewa kitundu chembamba kwenye kichwa cha stei kwa upande wa nje, ili ikikatika, maji yatiririke humo na kumwonya fundi. Boila ile ya Elburgon haikuwa na vitundu hivyo. Hata penye vitundu, alionya, visiaminiwe mpaka vimesafishwa kwa waya, maana kutu na rangi huviziba, na rangi mpya huviziba kabisa.

Hapo ndipo mmoja wa wavulana aliposema neno ambalo mimi pia nilikuwa nikilifikiri, kwamba kwa kuwa injini yao itakuwa ikitoka mara chache tu kwa mwaka, haitachoka kama zile za zamani zilizokuwa kazini usiku na mchana. Mjomba alilipinga kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake kwa muda mrefu. Injini ya kazi, alisema, ilikuwa ikiwashwa na kubaki na joto siku nyingi mfululizo hadi siku ya kuoshwa boila. Stei zake zilipinda mara moja zikatulia. Injini ya matembezi huwashwa Ijumaa na kupoa Jumapili, kila mara, na kila kuwasha na kupoa ni kupinda na kurudi. Mbaya zaidi ni kuiwasha kwa haraka ili wageni wasisubiri. Aliwataka wahesabu siku nzima ya moto mdogo kabla ya kufikiria mvuke, na baada ya safari waiache ipoe yenyewe bila kuimwagia maji baridi ndani. Na maji yakitolewa, mirija na pembe za chini zioshwe hadi magamba, yaani ule ukoko unaoachwa na maji, yatoke yote, kwa sababu panapolala magamba, bamba halipozwi na maji, na chuma kinachokosa maji nyuma yake huungua.

Nimelirudia somo hilo kwa watu wengi tangu siku ile, kwa kuwa naamini ndilo linalokosekana tunapozungumzia kuhifadhi magarimoshi yetu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yamekuwepo tangu 1971, na humo imo injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, nambari 5918, mmoja wa ndugu 34 wa daraja la 59 waliotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, wenye uzito wa tani zaidi ya 250 kila mmoja, injini za mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli yenye upana wa mita moja. Watu hupiga picha mbele yake, na wanafanya vyema. Lakini inapochangwa fedha ya kufufua injini, kitu cha kwanza kinachonunuliwa ni rangi, kwa kuwa rangi huonekana na mfadhili, ilhali gharama ya kweli, na hatari ya kweli, imo mahali ambapo mfadhili hawezi kuingia. Njia ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa na abiria wakarudi mwaka 2021, na nimewasikia watu wakitamani mvuke upande tena Mau. Natamani nami. Ningependa kwanza kujua ni nani atakayeingia tanurini na nyundo.

Jioni ile, tukisubiri matatu chini ya kibanda barabarani, binti alifungua daftari na kumsomea Mjomba yote aliyoandika, akitamka kila neno mbele ya macho yake. Mzee alimsahihisha mara kadhaa. Mahali alipoandika kwamba waanze kugonga kutoka chini, alimwambia aongeze kwamba wakishamaliza wazirudie safu mbili za juu na pembe zote nne siku nyingine, mkono ukiwa haujachoka. Kipande nilichokikata walikifunga kwenye lile gazeti wakaenda nacho Nairobi, na nyundo pia aliwapa.

Baada ya wiki kadhaa binti alipiga simu kwangu ili nimpelekee mzee habari. Walikuwa wamezigonga zote mara mbili, tena wakiwa wamekwangua rangi mpya iliyoziba vitundu. Zilizokatika zilikuwa nyingi kuliko walivyohofia, na karibu zote zilikuwa safu za juu, pembeni. Safari ya kwanza waliyokuwa wameipanga ilikuwa imeahirishwa, na walikuwa wakitafuta chuma cha kutengenezea stei mpya.