Nilivyorudi kazini huku bado napokea mafao ya ulemavu

Watu wananiuliza eti mtu anaelipwa mafao ya ulemavu anaweza kurudi kazini kweli, na wengine wanauliza kwa sauti ile kama wamekufuma unaiba. Mi nasimulia ya kwangu tu. Niliumia mgongo kwenye ajali, mguu wa kushoto ukabaki na ganzi, natembea na gongo, na kazi yangu ya zamani ilikua ya kusimama kutwa. Nikakaa nyumbani miaka minne.

Kilichonizuia kuanza sio mgongo peke yake, ni hesabu. Mgongo wangu haueleweki, wiki hii nadunda wiki ijayo siinuki kitandani, sasa nianze kazi mafao yakatwe halafu mwezi wa tatu mwili ugome, nirudi tena kwenye foleni ya madaktari na mafomu ambayo mara ya kwanza ilinila zaidi ya mwaka? Bora kidogo changu cha uhakika. Wanaotuita wavivu nadhani hesabu hii hawajawahi kuipiga.

Usiku mmoja maumivu yamenikatia usingizi nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani nikakuta mtu wa bima ya ulemavu ana miezi 9 ya kujaribu kazi, sio lazima ifuatane, ndani ya miezi 60, na akiripoti kazi yake mafao hayaguswi hiyo miezi hata mshahara uwe mnono, na baadae yakisimama kwa sababu ya kipato ana miaka 5 ya kuomba yarudishwe bila kuanza maombi mapya. Sheria za huko hazinihusu ila zilinipa maswali. Nikaandika matatu kwenye karatasi: kuna kipindi cha majaribio? Kiwango cha kipato kinachosimamisha mafao ni kabla ya makato au baada? Nikishindwa narudije?

Afisa wa mafao akaniambia "dada wewe anza tu, tutaona." Nikamwambia, "kaka yangu, hiyo tutaona ndio inayonitoa jasho, naomba uniandikie." Akacheka, lakini wiki mbili baadae barua ikaja, na majibu yalikua mazuri kuliko nilivyodhani, kipindi cha majaribio kilikuwepo miaka yote hiyo na hakuna alienitamkia.

Nikapata kazi ya kuingiza hesabu kwenye kompyuta, masaa 8 kwa wiki, siku mbili. Niliomba meza ya kuinua na kushusha na ruhusa ya kusimama kila baada ya dakika 40, bosi akakubali bila maneno. Kosa langu la kwanza nilichukua Jumatatu na Jumanne. Yaani siku ya kazi naimudu vizuri kabisa, ni kesho yake ndio mwili unakuja kudai deni. Nikahamia Jumatatu na Alhamisi, na kila jioni naandika kwenye daftari masaa niliyofanya na maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10.

Daftari hilo ndio lililoniokoa. Kuna kipindi mshahara ulichelewa, wa miezi miwili ukaingia kwa pamoja, ofisi ya mafao ikaona nimevuka kiwango, barua ikaja mafao yamesimama na kuna hela nirudishe. Nililia aisee. Nikabeba daftari, hati za mshahara na karatasi ya benki, nikawaonyesha mstari kwa mstari kazi hii ni ya mwezi gani na ile ya mwezi gani. Walirekebisha, ila ilichukua wiki sita na hizo wiki sita nilikula kwa kukopa.

Sasa hivi niko masaa 14. Niliwahi kupanda mpaka 20, kwenye daftari namba za maumivu zikaanza kujipanga 8 na 9 tu, nikashuka. Juzi bosi kauliza kama naweza kuongeza siku nyingine, nimemwambia anipe mwezi mmoja niangalie namba zangu kwanza.